UZI: Friji la gari lililokuwa linazima kila nikiwasha injini, na jinsi nilivyofunga upya umeme wake

#1 Mchanjaji wa Pangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkazi wa Tanga mjini. Kazi yangu ni kuzungusha chanjo za kuku upande wa Pangani, na mara nyingine navuka maji hadi Bweni na kuteremka mpaka Mkwaja. Gari ni Land Cruiser mkonga, injini 1HZ, volti 12, betri moja ya N70. Nyuma nimefunga friji la lita 40, lile la kompresa linalokula umeme wa betri. Jambo hili nimekaa nalo miezi kadhaa. Juzi mwenzangu wa kazi kanifungulia boneti nione alivyofungiwa friji lake, nikakuta kafungiwa vilevile kama nilivyofungiwa mimi. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemwacha mtu aungue huku namtazama. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mwanzo friji nililichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara pale dashibodini. Mjini halikunisumbua. Lakini ukishaanza rafu ya njia ya Pangani, plagi ile inachezacheza, maana inashikwa na springi tu, na kila ikitikisika umeme unakatika na kurudi. Ukiigusa ilikuwa ya moto. Waya wa kiwandani unaokwenda pale ni mwembamba, haukukusudiwa mzigo unaonguruma mchana kutwa.

Nikaenda kwa fundi. Nikamweleza: nataka friji liwake nikiwa naendesha, nikizima gari lizime, lisininyonye betri usiku. Akasema hiyo ni kazi ya rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole, baada ya saa moja akanikabidhi gari. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Siku tatu mfululizo asubuhi stata ikawa inaguna tu, gari haliwaki. Majirani wakawa wananisukuma. Nikasema betri imechoka. Siku ya nne nilikuwa na safari ya Mkwaja, nikabusti betri kwa jirani, nikaondoka na chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa vifaranga, na ya ndui ya kuku.

Pale Pangani tulipanga foleni ya kivuko, nikazima injini. Nikasikia friji nyuma linaanza kunguruma. Nikafurahi, nikasema leo liko vizuri. Zamu yetu ilipofika nikazungusha funguo, na kwa kuwa kioo cha kati nilikuwa nimekielekeza kwenye friji, niliona kwa macho yangu zile namba za kijani kwenye kioo chake zikizimika mara tu funguo ilipoingia. Sikuelewa. Nyuma yangu watu walikuwa wanapiga honi, nikaendelea.

Nilipofika Mkwaja nikafungua mfuniko: nyuzi 17. Chanjo hai hizi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na sikuweza kujua zilikaa kwenye joto hilo kwa muda gani. Sasa niwaambie kilichoniumiza. Chanjo ya Gumboro tunaiweka kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo kuku wananyimwa maji saa moja hadi mbili kabla, ili ikifika wanywe yote kwa mkupuo. Mama wa nyumba ya kwanza alikuwa ameshatoa vyombo vyote vya maji bandani, ameshakoroga maziwa ya unga kwenye ndoo kama nilivyomfundisha, vifaranga wanalia kwa kiu. Nikamwambia, mama, warudishie maji ya kawaida, leo sitachanja. Alinitazama, akachukua ndoo yake akarudi jikoni bila neno. Nilirudi Tanga na chanjo za kutupa.

Kesho yake nilikwenda Ngamiani kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari, mtu mzima sana, siku hizi hafanyi kazi nzito. Nilimwamkia, nikaeleza kila kitu, hakunikatiza. Nilipofika pale niliposema «nikiwasha funguo friji linazima», akanyanyua mkono akaniambia: «Kakufungia mguu wa kati.»

Rilei ile ilikuwa ya miguu mitano. Hiyo miguu ina namba, na namba hizo ni zilezile kwa karibu kila rilei ya mtindo huu duniani, kwa sababu zinafuata kanuni ya Wajerumani ya DIN 72552. Mguu wa 30 ndiko umeme wa betri unakoingia. 85 na 86 ni koili, yaani ile sumaku ya ndani. 87 ndio unaotoa umeme kwenda kwenye mzigo koili ikipata umeme. Na ule wa katikati, 87a, unatoa umeme koili ikiwa HAINA umeme. Mimi waya wa friji ulikuwa 87a. Kwa hiyo funguo ikiwa imezimwa friji linakula betri usiku kucha, funguo ikiwashwa friji linakatwa safari nzima. Kinyume kabisa cha nilichoomba.

Mzee aliuchomoa waya ule akauhamishia mguu wa jirani. Sekunde kumi tu. Kisha akaniambia: «Hilo limekwisha, lakini friji lako bado halijafungwa.» Nitaendelea hapa chini, ngoja nile kwanza.

#2 Pweza wa Kigombe

Pole sana mkuu. Mimi napeleka pweza na changu Tanga mjini, nina friji kama lako kwenye Hilux. Langu tatizo ni jingine: linafanya kazi vizuri, halafu ghafla linazima na kuandika kosa la volti za betri kuwa ndogo, wakati betri ni mpya haina hata miezi miwili. Nikipima betri nakuta 12.5. Nimeambiwa friji ndilo bovu, ninunue jingine. Kabla sijatupa hela naomba ushauri.

#3 Mchanjaji wa Pangani

Mkuu Pweza, usinunue kwanza. Ulichoeleza ndicho mzee alichokuwa anakisemea aliposema friji bado halijafungwa.

Alichukua maltimita, kile kipimo cha umeme, akaniambia niwashe friji mpaka kompresa inguruma. Akapima kwenye vichwa vya betri: 12.3. Akaenda nyuma, akapima kwenye plagi ya friji, kompresa ikiwa bado inanguruma: 11.1. Volti 1 na pointi 2 zimepotelea njiani. Kompresa ilipopumzika akapima tena palepale: 12.3. Ndiyo maana ukipima bila mzigo kila kitu kinaonekana kizima.

Friji halijui betri yako ina ngapi. Linajua kinacholifikia mdomoni. Mengi yana kinga ya betri ya hatua tatu, na langu kwenye hatua ya juu linakata likiona 11.1. Kwa hiyo lilikuwa linajizima kwa haki kabisa. Kila kampuni ina namba zake, soma kitabu cha lako.

Pima kwenye plagi, kompresa ikinguruma. Sio kwenye betri, sio friji likiwa limetulia. Katika uzi huu wote, mtu akibeba hilo peke yake nitaridhika.

#4 Waya Mwekundu

Nimekuja kama fundi. Kosa la 87a lipo, silikatai, lakini wakuu msitubebeshe mafundi wote. Mchoro wa miguu umechorwa ubavuni mwa rilei yenyewe, ukitulia unauona. Tatizo rilei nyingi zinazouzwa ni za miguu mitano hata kwa kazi inayotaka minne, na fundi mwenye haraka anachomeka tundu lililo karibu.

Kwa asiye na mchoro: chomoa rilei, weka maltimita kwenye omu, yaani upande wa kupima ukinzani. Kati ya 30 na 87a utapata mguso, kati ya 30 na 87 hupati kitu. Kati ya 85 na 86 utasoma omu 70 hadi 100 hivi kwa rilei ya volti 12, hiyo ndiyo koili. Na kama rilei ina diodi ndani, usigeuze: 86 chanya, 85 hasi. Ukigeuza unaitengenezea shoti.

Sasa mleta uzi, hujasema habari ya fyuzi. Uliweka wapi?

#5 Mchanjaji wa Pangani

Ahsante fundi, na uko sahihi, sikusudii kulaumu kundi zima. Aliyeniokoa naye ni fundi.

Fyuzi ndiyo ilinitisha kuliko yote. Yule wa kwanza aliiweka nyuma, karibu na friji. Mzee alipoiona akaniita niangalie: waya mwekundu unatoka kwenye betri, unapita pembeni ya injini, unaingia ndani kupitia tundu la bati ambalo halina hata raba, unatembea chini ya kapeti mpaka nyuma, mita 6, ndipo unakutana na fyuzi. Bati lile lilikuwa limeshaanza kuukata mpira wa waya, niliona shaba inang'aa kama ukucha. Siku ambayo ingegusa bodi, hakuna kitu cha kukata umeme katikati. Fyuzi iko mbele ya safari, moto uko nyuma yake. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo inakaa kule waya unakoanzia, kwenye betri. Yangu sasa iko kama shibiri moja kutoka kichwa cha chanya, ampea 20.

Sasa waya wenyewe. Uliokuwepo ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, wa redio. Mzee alinipigia hesabu kwenye kipande cha boksi, nami nawawekea hapa kwa kuwa inatumika kwa gari lolote. Shaba ya milimita ya mraba 1 ina ukinzani wa omu 0.0175 hivi kwa kila mita. Kwenda nyuma mita 6, kurudi mita 6, jumla 12. Zidisha 0.0175 kwa 12, gawa kwa 1.5, unapata omu 0.14. Friji langu linakula ampea 5 likinguruma kwa nguvu. 0.14 mara 5 ni volti 0.7. Hiyo ni waya mtupu. Ile 0.5 iliyobaki ilikuwa kwenye plagi ya springi na erthi mbovu, yaani pale waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi.

Waya wa milimita 6, hesabu ileile: volti 0.18 tu. Nilinunua wa milimita 6, nyuzinyuzi laini, sio ule mgumu wa nyumbani wa waya mmoja. Ule wa nyumbani ukitikiswa na rafu kila siku unakatika ndani kwa ndani.

#6 Mkonga Mweupe

Kwenye mkonga ongezeni hili: mingi ina betri mbili. Kabla hujagusa kitu, angalia zimeunganishwaje. Chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hiyo ni volti 12 yenye akiba kubwa. Chanya ya moja ikiingia kwenye hasi ya nyingine, hapo mwisho una 24. Maltimita inakwambia kwa dakika moja.

Nimeona mtu ana gari la 24, akachukua umeme wa friji kwenye betri moja tu ili apate 12. Friji liliwaka. Lakini altaneta inazichaji zote mbili kwa pamoja kana kwamba ziko sawa, moja ikabaki inachajiwa kupita kiasi, nyingine haijai hata siku moja. Zote zilikufa. Na rilei nunua ya volti za gari lako, koili ya 12 kwenye 24 inaungua.

#7 Mchanjaji wa Pangani

Kweli kabisa mkuu, na friji nyingi za kompresa zinapokea 12 na 24 zenyewe, kwa hiyo mwenye 24 achukue 24 kamili, asigawe betri.

#8 Mama Vifaranga

Habari zenu wanangu. Mimi nafuga kuku Muheza, ni mwalimu mstaafu. Nimesoma yote mpaka hapa na nimefahamu kwa nini mwaka jana kuku wangu walichanjwa na bado wakaugua, ingawa sina hakika kama ni friji la aliyeniletea. Mwanangu wa kiume ana gari na anataka kufunga friji kama hilo kunibebea chanjo na kupeleka mayai na nyama hotelini. Sisi hatujui omu wala koili. Akienda kwa fundi aseme nini, na akitoka akague nini?

#9 Mchanjaji wa Pangani

Shikamoo mama. Swali lako ndilo nililopaswa kulijibu tangu mwanzo.

Aseme hivi: nataka waya wa milimita za mraba 6, chanya na hasi, kutoka betri mpaka nyuma, na hasi usiiache kwenye bodi, irudishe mpaka betri. Fyuzi iwe karibu na betri. Rilei ikae ndani ya gari, si kwenye injini, na miguu yake itazame chini ili maji yasituame. Kila tundu la bati waya unapopita liwekwe raba. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake, sio kusokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Nyuma mwisho wa waya pawe na plagi ya kushikana sawasawa. Mimi nimeweka Anderson ya ampea 50, hata nikipita korongo haiachii. Na kabla ya kuanza kazi afungue hasi ya betri, airudishe mwisho kabisa.

Halafu kuna swichi, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo friji la kazi linapotofautiana na friji la matembezi.

Ukifunga rilei ifuate funguo tu, friji litawaka ukiendesha na kuzima ukisimama. Inasikika vizuri. Lakini mimi nikisimama kijijini saa mbili nachanja, jua la mwezi wa pili, gari limekuwa tanuri, siwezi kuacha friji limezima. Wala siwezi kuacha injini inanguruma saa mbili. Ndipo mzee akanifungia swichi ndogo ya hatua tatu kwenye dashibodi. Juu: koili ya rilei inapata umeme wa funguo. Katikati: koili haipati kitu, friji limezimwa. Chini: koili inapata umeme wa betri moja kwa moja kupitia fyuzi ndogo, friji linawaka hata funguo ikiwa mfukoni. Swichi yenyewe haibebi mzigo wa friji hata kidogo, inabeba umeme wa koili tu, ambao haufiki hata robo ampea. Kwa hiyo nyaya zake zinaweza kuwa nyembamba na haitapata moto.

Umeme wa funguo tuliuchukua kwenye boksi la fyuzi, upande wa redio. Mzee alikataa katakata kugusa fyuzi za breki, mifuko ya hewa au kompyuta ya injini, hata kwenye magari ambayo hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono.

Akitoka kwa fundi mwanao akague vitu vitatu palepale, kabla ya kulipa. Swichi ikiwa juu, awashe funguo, friji liwake, azime, lizime. Swichi katikati, friji lizime hata funguo ikiwaka. Kisha maltimita kwenye plagi, kompresa ikinguruma, alinganishe na betri. Tofauti isizidi pointi 3 au 4 za volti. Langu sasa ni 12.4 kwenye betri, 12.2 kwenye plagi.

#10 Waya Mwekundu

Nakubali karibu yote ila hasi. Kurudisha waya wa hasi mpaka betri ni gharama ya bure. Bodi ya gari ni bati nene kuliko waya wowote, magari yote yanatumia bodi. Kwangua rangi, kaza bolti, imekwisha.

#11 Mchanjaji wa Pangani

Fundi, hoja yako ina mashiko. Gari la Dodoma au Singida ningekufuata. Lakini sisi ni watu wa pwani. Gari langu linapanda kivuko, linalala Ushongo mita chache kutoka baharini, upepo wa chumvi unaingia kila mahali. Ile erthi ya kwanza nilipoifungua, kichwa cha waya kilikuwa na unga wa kijani, na nikichuna mpira, ule weusi ulikuwa umepanda ndani ya shaba karibu upana wa kiganja. Haukuwa hata na mwaka. Na kwenye mkonga uliozeeka, kati ya bodi na chasi kuna viungo vingi vya waya vyenye kutu yake. Nikirudisha hasi mpaka betri, viungo vyangu ni viwili tu na ninavijua vilipo. Ukipata waya wa shaba uliopakwa bati, ule wa maboti, pale bandarini wanaujua, chukua huo. Mimi nilipata kwa upande mmoja tu.

Mwenye kutumia bodi basi akwangue mpaka chuma king'ae, akaze, halafu apake grisi juu.

#12 Waya Mwekundu

Sawa, kwa chumvi ya Ushongo sikubishii.

#13 Dereva wa Porini

Mimi napeleka wageni Saadani. Ukilala porini siku mbili swichi yako ya chini itakuacha. Suluhisho ni betri ya pili. Kuna rilei inayosoma volti: altaneta ikipandisha betri kuu mpaka 13.3 hivi, inaunganisha betri mbili zichajiwe pamoja. Ukizima na volti zikishuka hadi 12.8 inazitenganisha. Friji linakula ya pili tu, ya kwanza inabaki na nguvu ya stata. Nimelala huko na asubuhi gari limewaka pap. Hakuna swichi ya kukumbuka kuzima.

#14 Mchanjaji wa Pangani

Mkuu Dereva, kwa kulala porini wewe ndiye umesema sahihi, na nikipata nafasi ya betri ya pili nitaifunga. Lakini na waya wa kutoka betri mpaka betri unataka fyuzi kila upande, maana kila upande kuna betri inayoweza kuuchoma.

Kwa sasa hesabu yangu ni hii. Friji likinguruma ni ampea 4 hadi 5. Kwa joto la kaskazi huku kwetu kompresa inanguruma karibu nusu ya muda, kwa hiyo wastani ni ampea 2 na robo kila saa. Kijijini saa mbili natumia ampea-saa 4 na nusu, N70 haishtuki. Usiku wa saa 12 ni 27, na betri ya stata haikuundwa kushushwa hivyo. Usiku friji nalitoa nalichomeka kwenye umeme wa Tanesco nyumbani kwa adapta yake. Betri ikiwa imetulia na inasoma 12.2, ujue imebaki nusu. Mimi nikiona hiyo nawasha injini au narudisha swichi katikati, na chanjo nazihamishia kwenye boksi la barafu. Boksi la barafu bado natembea nalo kila safari.

Kingine: usiliamini friji likujulishe joto lake lenyewe. Namba za kwenye kioo chake ni za pale kihisio kilipo. Nimeweka kipimajoto kidogo katikati ya vichupa, chenye kumbukumbu ya juu na chini. Asubuhi nasoma yote mawili. Friji nimeliweka nyuzi 5, kwa sababu kuganda nako ni hasara. Zile chanjo za mafuta zikiganda hazifai tena. Na lile tundu la hewa ya moto ubavuni usilizibe kwa magunia. Kabla sijalijua hilo kompresa ilikuwa haipumziki kabisa.

#15 Pweza wa Kigombe

Wakuu, nimerudi. Nimepima leo asubuhi kama ulivyosema, kompresa ikinguruma. Betri 12.5, plagi 11.2. Nikafuata erthi chini ya kapeti nikaikuta imefungwa kwa skrubu ya kukatia bati juu ya rangi, haijakwanguliwa kabisa, imezungukwa na ukijani. Nimekwangua, nimeweka bolti na grisi. Nimepima tena: 12.1. Friji tangu saa tatu mpaka sasa halijaandika kosa. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuomba mkopo wa friji jipya kwa shemeji.

#16 Mchanjaji wa Pangani

Alhamdulillah. Hiyo 0.4 iliyobaki ni waya wako, ukipata wa milimita 6 itashuka tena. Lakini unaweza kufanya kazi hivyo. Angalia tu fyuzi yako iko upande gani kabla hujarudi barabarani, tafadhali, leo hii.

#17 Pweza wa Kigombe

Ilikuwa nyuma. Nimeihamisha.

#18 Mama Vifaranga

Marahaba mwanangu. Kijana wangu amenakili yale maneno ya kumwambia fundi, anakwenda Jumatatu. Sasa mimi nina vifaranga 200 wanafika wiki mbili keshokutwa, zamu yao ya Gumboro. Unaweza kupita Muheza?

#19 Mchanjaji wa Pangani

Nitapita mama, keshokutwa hiyohiyo asubuhi. Maji usiwaondolee mapema. Nitasoma kipimajoto nikiwa bado Tanga, nikiona kiko sawa ndio nitakupigia, na hapo ndipo utoe vyombo bandani.